Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mwanamke katika Kazi ya Ushauri wa Mashirika

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutumiwa aghalabu katika kusifu ukarimu, lakini ndani yake mna wazo pevu kuhusu jinsi watu wanavyopona. Mwenyeji ameuzoea ugonjwa wake kiasi cha kutouona. Jamaa zake nao wameuzoea, au wanauona na kuogopa kuutaja. Mgeni, ambaye hana deni la kimya kwa yeyote katika nyumba hiyo, ndiye anayeuliza swali ambalo wenyewe hawaliulizi.

Mashirika huugua vivyo hivyo. Chama cha akiba na mikopo hupoteza wanachama mwaka baada ya mwaka, na kila kikao cha halmashauri humalizika kwa kulaumu hali ya uchumi. Hospitali hununua vifaa vipya ilhali wauguzi na wasimamizi wake hawasemezani. Chuo huandika mpango mkakati wa miaka 5 ambao wafanyakazi hawajausoma. Hapo ndipo huitwa mshauri wa uendelezaji wa mashirika. Yeye si mkaguzi wa hesabu wala muuzaji wa mitambo. Kazi yake ni kukubaliana na shirika kuhusu tatizo linalochunguzwa, kuwahoji watu wa ngazi zote, kuwarudishia walichokisema bila kuwafichua waliokisema, kisha kuwasaidia wao wenyewe kupanga mabadiliko, kuyatekeleza na kuyatathmini. Shirika likiweza kujitazama lenyewe baada ya yeye kuondoka, basi amefaulu.

Makala haya yanashikilia kwamba kikwazo kikuu cha mwanamke katika kazi hii si kufungiwa mlango tu. Mlango umefunguka kwa kiasi fulani. Kikwazo ni kwamba akishaingia, ujuzi wake hupewa jina jingine. Akiwasikiliza watu mpaka wakatoa walilolificha kwa miaka, husemwa kwamba ana kipaji cha kike. Mwanamume akifanya hilo hilo, husemwa kwamba ni mtaalamu. Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo, kwa kuwa kipaji husifiwa ilhali utaalamu hulipwa. Na kwa vile suala hili ni la majina kabla ya kuwa la fedha, linawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Waasisi waliosahauliwa

Taaluma yenyewe ilikomaa nchini Marekani katika karne ya 20, hivyo ni muhimu kwanza kuitazama huko ilikokomaa. Masimulizi ya historia yake huanza na majina ya wanaume. Hutajwa Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehama Ujerumani wakati wa utawala wa Wanazi, na semina aliyoiongoza katika jimbo la Connecticut mwaka 1946. Katika semina hiyo ilibainika kwamba kundi hujifunza mengi linaporudishiwa picha ya mwenendo wake lenyewe. Mwaka 1947 mafunzo ya aina hiyo yalianza rasmi huko Bethel, jimboni Maine, chini ya asasi iliyokuja kujulikana kama NTL. Hayo yote ni kweli.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 kabla ya semina hiyo, Mary Parker Follett (1868–1933) alikuwa tayari akiwahutubia wasimamizi wa biashara kuhusu mambo hayo hayo. Ujuzi wake haukutoka katika kiwanda. Aliupata katika vituo vya kijamii vya mji wa Boston, alikofanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa watu wa kawaida. Alitofautisha nguvu za kumtawala mtu na nguvu za kutenda pamoja naye. Alifundisha pia kwamba mgogoro hauhitaji kuishia kwa ushindi wa mmoja wala kwa mapatano ambayo kila upande hutoka na nusu ya ulichotaka. Mfano wake ni wa dirisha la maktaba. Mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, Follett akataka lifungwe. Walifungua dirisha la chumba cha pili. Kwa njia hiyo mwenzake alipata hewa, naye akaepuka upepo uliokuwa ukimpiga moja kwa moja. Ni mfano mdogo, lakini umebeba kiini cha kazi ya mshauri: kuuliza kila upande unahitaji nini hasa, badala ya kuuliza unadai nini.

Baada ya kifo chake Follett alisahaulika katika vitabu vingi vya usimamizi vya nchi yake. Ilipofika mwaka 1995 maandishi yake yalikusanywa upya katika kitabu ambacho jina lake lilimtaja kuwa nabii wa usimamizi. Miongo 6 ni muda mrefu wa kumngoja nabii.

Kisa cha Lillian Gilbreth (1878–1972) kinaonyesha upande mwingine. Yeye na mumewe Frank walikuwa washauri wa viwanda, wakichunguza namna wafanyakazi wanavyotumia viungo vyao ili kupunguza uchovu usio na maana. Kitabu chake kuhusu saikolojia ya usimamizi kilipochapishwa mwaka 1914, jina lake la kwanza lilifupishwa kuwa herufi tu ili msomaji asitambue kwamba mwandishi ni mwanamke. Frank alipofariki mwaka 1924, baadhi ya wateja hawakuendelea na mikataba yao, ingawa mjane huyo alikuwa na shahada ya uzamifu katika saikolojia ambayo mumewe hakuwa nayo. Ili aendelee kuilea familia yake kubwa, aliugeuza ujuzi wake na kuuelekeza jikoni, akatafiti mpangilio wa meko, meza na kabati. Ujuzi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mahali ambapo jamii ilikubali kuusikiliza.

NTL nayo ilipitisha karibu miaka 30 kabla ya kuongozwa na mwanamke, Edith Seashore, katika miaka ya 1970. Katika muongo huo huo, mwaka 1977, Rosabeth Moss Kanter alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume na wanawake katika kampuni moja kubwa. Alieleza kwamba mwanamke anapokuwa mmoja au wawili katika kundi la wanaume wengi, wenzake humvisha mojawapo ya sura nne wanazozifahamu: mama wa kuliwaza, mrembo wa kutamanisha, kipenzi wa kuchekewa, au mwanamke wa chuma asiyeguswa. Sura hizo zote zina kasoro moja: hakuna hata moja ya mtaalamu.

Kungwi alikuwa na taaluma

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba historia hiyo ni ya watu wengine. La hasha. Waswahili wa pwani walikuwa na mshauri wa kike mwenye cheo kinachotambulika kabla ya neno la Kiingereza la kazi hiyo kufika Nairobi. Huyo ni kungwi, na pamoja naye somo. Kungwi humfunda mwari, humtayarisha kwa ndoa, na mara nyingi huendelea kuwa mtu wa kukimbiliwa nyumba inapoingia mtafaruku. Hujifunza kazi kutoka kwa waliomtangulia. Hutunza siri, kwani kungwi asiye na siri hana wateja. Hupewa ada au tunzo. Anajua lini aseme wazi, lini aseme kwa fumbo, na lini anyamaze.

Ukiyapanga hayo pamoja, yaani mafunzo, maadili ya usiri, malipo na mbinu za mawasiliano, una sifa zote za taaluma. Kwa hivyo dai kwamba mwanamke hushauri kwa silika tu halina mizizi katika utamaduni wa Mswahili. Utamaduni huo ulijua kwamba ushauri hufundishwa na hulipwa.

Hata hivyo, utamaduni huo huo uliweka mpaka. Ushauri wa kungwi uliishia ukumbini. Fasihi nayo inashuhudia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa bintiye kuhusu dini, adabu, mume na nyumba. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Mtu aliyeishi katika nyumba ya utawala wakati wa vita bila shaka aliona mengi kuhusu namna maamuzi yanavyofanywa na namna viongozi wanavyokosea. Lakini mapokeo yamemhifadhi kama mshauri wa mke, si kama mshauri wa mji. Gilbreth aliondolewa kiwandani akapelekwa jikoni. Mwana Kupona hakuulizwa kamwe kuhusu baraza.

Mlango wa Kenya

Katika Kenya ya leo mpaka huo umetikiswa na sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inalitaka taifa lichukue hatua ili zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa taasisi za kuchaguliwa au kuteuliwa wasiwe wa jinsia moja. Tangu mwaka 2013 serikali imekuwa na mpango wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka huo huo wa 2013 serikali 47 za kaunti zilianza kazi. Wafanyakazi wa yaliyokuwa mabaraza ya miji walijikuta katika ofisi moja na watumishi waliotoka wizara za serikali kuu, kila kundi likiwa na mazoea yake na hofu zake. Haingekuwa rahisi kupata uwanja unaohitaji ushauri wa mashirika kuliko huo.

Lakini asilimia 30 ya zabuni ni fungu la makundi matatu, tena hufungua mlango wa ununuzi, si mlango wa heshima. Anayeshinda zabuni bado hukabiliwa na malipo yanayocheleweshwa, na madeni ya kaunti kwa waliozihudumia ni jambo linalojulikana na kila Mkenya. Kampuni kubwa huvumilia ucheleweshaji huo kwa mtaji wake. Mshauri anayejitegemea hulazimika kwenda benki, na benki hudai dhamana, ilhali hatimiliki nyingi za ardhi nchini zimeandikwa kwa majina ya wanaume.

Ndani ya chumba cha mkutano nako kuna mambo yasiyoandikwa katika mkataba. Methali nyingine husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mshauri wa kike hupewa jembe siku ya kwanza. Huombwa aandike kumbukumbu za kikao anachotakiwa kukiongoza. Hupewa sehemu ya jinsia hata kama ujuzi wake ni wa miundo na bajeti. Katika kundi la washauri watatu, huenda yeye ndiye aliyewahoji wafanyakazi kwa siku kadhaa, akaipata siri ya ugonjwa. Kisha siku ya kuwasilisha ripoti mbele ya wakurugenzi, mwenzake wa kiume ndiye husimama. Maswali huulizwa kumwelekea huyo aliyesimama, na majibu huandikwa kwa jina lake. Mikutano muhimu huendelezwa usiku katika baraza ambazo mwanamke akienda husemwa na asipoenda hupitwa.

Mshauri, mwelekezi, mama

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiswahili kina bahati ya kuwa na ngeli ya A-WA isiyobagua mwanamke na mwanamume. Barua ikisema kwamba mshauri atafika Jumatatu, sarufi haijasema chochote kuhusu jinsia yake. Lakini wenyeji wakishangaa kumwona mwanamke akishuka garini, mshangao huo haukutoka katika sarufi. Ulikuwa umekaa ndani yao ukingoja. Baadaye huyo mgeni huitwa mshauri wa kike, ilhali mwenzake haitwi mshauri wa kiume. Kivumishi hicho ni kifupi, lakini kazi yake ni kumfanya mmoja kuwa kanuni na mwingine kuwa hali ya pekee.

Istilahi yenyewe ina neno. Wengi hutumia mshauri mwelekezi. Kuelekeza ni kumwonyesha mtu njia ambayo wewe unaijua naye haijui. Istilahi hiyo inamfaa mhandisi aliyeajiriwa kusimamia ujenzi wa daraja. Haimfai sana mshauri wa uendelezaji wa mashirika, kwa maana yeye huwasaidia watu waione njia yao. Edgar Schein alilieleza hilo mwaka 1969 alipotofautisha mshauri anayeuza majibu, mshauri anayetibu kama daktari, na mshauri anayeshirikiana na mteja kuuelewa mwenendo wake. Jamii ikishafikiri kwamba mshauri wa kweli ni yule anayeelekeza kwa sauti kuu, basi anayeuliza kwa upole huonekana hajafanya kazi. Mwenye kelele hana neno, wanasema Waswahili, lakini katika kumbi za mikutano mwenye kelele ndiye hulipwa.

Kisha kuna neno mama. Mshauri wa kike wa makamo huitwa mama na mkurugenzi, na dereva, na mlinzi. Wanaomwita hivyo wanamheshimu. Si haki kuwashuku. Lakini mwenzake huitwa daktari, au bwana mshauri. Mmoja ametajwa kwa cheo cha kazi, mwingine kwa cheo cha nyumbani. Mama hatozi ada kwa kumsikiliza mwanawe. Ndiyo maana saa za kusikiliza, ambazo ndizo moyo wa kazi hii, hukosekana katika hadidu za rejea. Zabuni hutaja siku za kuandika ripoti na idadi ya nakala zitakazochapishwa, kana kwamba yaliyomo katika ripoti hudondoka kutoka mbinguni.

Jambo jingine la lugha ni hili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, ripoti nyingi za ushauri huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mfagiaji, karani na dereva hueleza uchungu wao kwa Kiswahili au kwa lugha zao za mama. Anayefanya kazi ya kutoka usemi huo hadi lugha ya ripoti, bila kupoteza ukali wake wala kumfichua msemaji, anafanya tafsiri ya hali ya juu. Kazi hiyo nayo haina fungu katika bajeti. Huchukuliwa kuwa ni uchangamfu wa mtu anayejua kuongea na watu.

Pingamizi na jibu

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba kuitwa mama humfungulia mshauri milango ambayo mwanamume haifunguliwi. Kwamba mfanyakazi aliyeonewa humweleza mwanamke asilomweleza mwanamume. Kwamba kwa hiyo sura hiyo ni mtaji, na si busara kuuacha. Pingamizi hili lina uzito. Wapo wanawake wanaoutumia mtaji huo kwa hiari na kwa ufanisi.

Lakini mtaji usiotajwa katika mkataba humfaidi anayeutumia bila kuulipia. Isitoshe, sura ya mama ina bei yake. Siku mshauri huyo atakapomwambia mkurugenzi kwamba chanzo cha ugonjwa ni yeye mkurugenzi mwenyewe, ataambiwa kwamba amekuwa mkali, amebadilika, hana adabu. Ukweli unaotarajiwa kutoka kwa daktari huonekana utovu wa heshima ukitoka kwa mama. Na mficha maradhi kifo humuumbua. Shirika linalomzuia mshauri wake kusema kwa sababu ya jinsia yake halimdhulumu mwanamke peke yake, bali linajinyima dawa ambayo limekwisha kuinunua.

Wengine watasema kwamba soko halina macho, kwamba mteja hulipia matokeo tu. Wateja waliositisha mikataba ya Gilbreth mwaka 1924 walikuwa sokoni. Soko huona kile ambacho lugha imelionyesha.

La kufanya

Yako mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa wasomi wa Kiswahili. La kwanza ni istilahi. Kazi za uwezeshaji, upatanishi, uchunguzi wa shirika na utoaji wa mrejesho zinahitaji maelezo thabiti katika kamusi na vitabu vya mawasiliano, ili anayeandika hadidu za rejea aweze kuzitaja, kuzihesabia siku na kuzilipia. Kitu kisicho na jina hakina bei.

La pili ni utafiti. Mazungumzo ya kungwi na somo yamechunguzwa sana kama sehemu ya mila na jando na unyago. Yanafaa kuchunguzwa pia kama maarifa ya ushauri: jinsi swali linavyoulizwa, jinsi fumbo linavyoifikisha lawama bila kumvunja mtu, jinsi siri inavyotunzwa. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ana shamba ambalo wengi wamelipita bila kulilima.

La tatu ni mazoea ya kila siku, yakianzia katika vyama vya wanafunzi wenyewe. Nani huandika kumbukumbu? Nani hukaribisha wageni? Nani hutoa hotuba? Kijana aliyezoea chuoni kwamba katibu ni wa kike na mwenyekiti ni wa kiume hatashangaa kuyakuta hayo katika kaunti, wala hatayaona kuwa ni ugonjwa.

Ustaarabu wa kumkaribisha mgeni haupimwi kwa chai anayoandaliwa. Hupimwa kwa kumwamini anapotaja maradhi aliyoyaona, na kumlipa kwa jina la kazi aliyoifanya. Mwenyeji anayetaka kupona hana budi kwanza kumtambua aliyeingia. Ni mshauri, sarufi ya Kiswahili ilikwisha kusema hivyo bila kuuliza ni wa kike au wa kiume.